Akina Masika wanne wa Kavira: mkaguzi alisema ni kazi ya AI, tukampeleka sokoni Bwera

Wakuu, poleni na mihangaiko. Sogeeni karibu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na sina haja ya kuongeza chumvi.

Nafundisha marketing kwenye chuo kidogo cha biashara hapa Kasese. Kiswahili changu ni cha mpakani, kwa hiyo watu wa Pwani mnivumilie.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi kazi ya mwisho: nenda soko la Bwera, hapa mpakani, ongea na wafanyabiashara kumi, andika wananunuaje na wanauzaje. Chuo kimeruhusu AI inyooshe lugha. Inyooshe tu, watu wawe wa kweli.

Report zikaja. Ilikuwa mchana wa mvua, ile ya kutoka mlimani, mabati yanapiga kelele mpaka husikii mtu. Nikakaa ofisini nasoma.

Nisiwafiche, zilinilewesha. Kiingereza laini, sentensi zinateleza, kila mama ana "vision". Hakuna tope, hakuna mteja mtukanaji, hakuna nyanya iliyooza. Nilisoma mpaka nikaanza kuiona hiyo Bwera, mji uliotulia ambako watu wanatabasamu hata wakipata hasara. Nikatamani kuhamia.

Tatizo, mji ule ule ulikuwa kwenye kila report. Tabasamu lile lile. Nikashika kichwa, sasa hapa namsahihisha nani?

Halafu nikafika kwa Kavira.

Kavira ni mama kijana wa Butembo, alivuka mpaka na mtoto mgongoni kwao kulipochafuka. Anauza maharage Bwera, na parokia ndiyo inamsomesha. Masharti yao ni wazi: ukifeli somo moja, nafasi anapewa mwingine.

Report yake ilikuwa ngumu kumeza, Kiingereza kimetembea kwa miguu kutoka kwenye Kifaransa. Lakini ilinuka soko. Nikampa alama nzuri.

Chuo huleta mkaguzi wa nje kupitia alama zetu. Safari hii alitoka Kampala, mama mtaratibu, tunamwita Dokta. Alizipitia zote, akaiweka ya Kavira pembeni.

"Hii ni ya mashine," akasema. "Tena mashine mbovu. Inarudia majina."

Nikaangalia. Masika wanne, Baluku watatu, Biira wawili, Mbusa mmoja.

Wakuu, nilicheka. Dokta hakucheka.

Kwa wasiojua, kwetu Wakonzo jina mara nyingi linafuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, mvulana wa kwanza Baluku. Ndugu zetu wa Butembo nao ni hivyo hivyo. Ukipita nyumba kumi unaweza kusalimiana na akina Masika mpaka uchoke.

Nikamweleza. Akanijibu kwamba kila mwalimu anayetetea alama zake huwa na hadithi. Akanionyesha report aliyoipenda, ya kijana anaitwa Bwambale: Madam Grace wa vitenge, Mzee Patrick wa samaki, kila mtu na jina lake. "Hawa ndio watu," akasema.

Damu ilinichemka. Nikamwambia, Dokta, kesho Ijumaa ni siku ya soko, twende na wanafunzi wote wawili. Akakubali shingo upande.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Tulipokata kona ya Kikorongo hatukuona hata mlima. Garini nilijiona kama naenda kwenye ile Bwera ya kwenye karatasi, na niliogopa kidogo kwamba nitaikuta.

Nikamuuliza Kavira kama ana wasiwasi.

"Mwalimu, bale bamama beko," akasema kwa Kiswahili cha kwao Butembo, yaani wale mama wapo. "Ila batanikasirikia." Sikuelewa wamkasirikie kwa nini.

Tukafika, ukungu bado umelala juu ya meza za watu. Dokta akaniambia, haya, muite huyo Masika.

Nikaita.

Vichwa vikageuka upande wa chumvi, upande wa ndizi, upande wa mitumba. Wengine waliitika kutoka ndani ya ukungu, sauti tupu, wenyewe hatuwaoni. Dokta akakaa juu ya gunia la chumvi bila kukaribishwa.

Bwambale naye akaomba ruhusa akawatafute watu wake. Nikamwachia, akapotelea mle.

Masika wa chumvi, mama mnene anayeleta mzigo kutoka ziwa la chumvi la Katwe, akamjia Kavira mkono kiunoni.

"We Kavira, ulisema utaturudishia majibu. Tunangoja tu. Majibu iko wapi?"

Kavira akainamisha kichwa. "Mama, munisamehe. Niliona haya. Banasema eti ni mashine iliandika."

"Mashine gani? Si mimi niliongea mpaka koo ikakauka?"

Dokta akasema taratibu, "Wasomee."

Kavira akafungua report, akawa anasoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo. Wanawake wakasogea. Alipofika kwenye chumvi, kwamba inauzwa kwa mwenye bei kubwa, Masika akamkata.

"Hapo hapana. Mvua ikinyesha Katwe chumvi inapungua, na mimi siuzii mtu mgeni. Nagawia kwanza wateja wangu wa siku zote, hata akija mwenye bei kubwa."

Kavira akatoa kalamu, akafuta, akaandika upya akiwa amesimama. Mwingine akamkosoa kwenye ndizi, akafuta tena. Nilisikia raha ambayo sikuwahi kuisikia darasani, mpaka machozi yakanilengalenga.

Bwambale akarudi, viatu vimejaa tope. Nikamuuliza amewapata?

"Sijawapata," akasema. "Mwalimu, nilijua hawapo. Ila nilikuwa nimeshawazoea, nikasema labda."

Sikuweza kumgombeza. Hata mimi nimeishi kwenye mji ule.

Kavira akamaliza kusoma. Masika akamuuliza, "Sasa umefaulu?"

"Sijue. Muulize ule mama."

Wanawake wote wakamgeukia Dokta pale juu ya gunia. Akatazama karatasi, akatazama mistari iliyofutwa. Akataka kusema kitu kuhusu kikao cha chuo kinachopitisha alama.

"Fikiria polepole," Masika akamwambia, "lakini usiondoke bila kusema. Huyu mtoto ametuletea majibu yetu. Na wewe tupe yake."

Dokta akasema, kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Amefaulu."

"Asante," Masika akasema. "Basi simama, hilo gunia lina mteja."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Siikatazi AI, nitaikatazaje wakati iko mfukoni mwa kila mtu? Ila kazi za darasa langu haziishii tena mezani kwangu. Mwanafunzi anarudi kuwasomea watu aliowaandika, na alama inatoka hapo. Mashine inaweza kuandika kila kitu, lakini hakuna mtu sokoni anayeingoja irudi.

Bwambale anarudia somo. Ijumaa huwa namwona kwenye samaki, anauliza maswali, anatukanwa, anaandika.

Walimu mliomo humu, nyie mnasahihisha vipi siku hizi? Na wanafunzi, msijifiche, leteni na upande wenu. Nipo hapa nasoma.