Mpira Mdogo wa Pikapu ya Baba

Mlio wenyewe ni mdogo, ssss, kama birika linalokaribia kuchemka. Niliusikia mwezi uliopita Korogwe, fundi alipoinamia pikapu yangu kuukuu iliyokuwa ikikohoa kila nikikanyaga mafuta. Akagusa mpira mwembamba uliochomoka nyuma ya kabureta.

"Inavuta hewa hapa, mama. Ndiyo maana inakosa nguvu."

Akauchomeka, injini ikatulia. Mpira kama ule niliwahi kuushika nikiwa na miaka tisa.

Baba alikuwa na pikapu ya kubebea mahindi kutoka Handeni, na ndiyo iliyotulisha. Binamu yake, fundi magari, sote tulimwita Mtani. Alikula ubwabwa wetu bila kukaribishwa, akaondoka na kandambili za baba, na kumkasirikia ilikuwa aibu, maana ndio utani wenyewe.

Asubuhi moja nilimkuta peke yake, boneti iko wazi. Alichomoa kampira, akanishikisha, kisha akakaegesha tu mahali pake.

"Naiachia ipumue, mwanangu. Usimwambie baba, nataka ashangae mwenyewe."

Nilifurahi mno kufanywa fundi. Nikanyamaza.

Kuanzia siku hiyo gari likawa linasitasita na kutetemeka. Baba alisafisha plagi, akafungua kabureta juu ya gunia, akapuliza vitundu vyake mpaka akanuka petroli wiki nzima. Wapi! Kila mara aliyekuja kuifunga tena ni Mtani, na hatimaye Mtani akasema injini imekufa. Kwa kutuhurumia, alitupa baiskeli yake, akachukua pikapu.

Wiki iliyofuata pikapu ilipita kwetu Kilole imejaa magunia, haikohoi hata kidogo. Mama alilia. Mimi, mjinga, nilijivunia dawa yetu. Baba alicheka, "Mtani kanipata!" kwa kuwa desturi ilimtaka acheke. Tangu hapo alibeba mahindi kwa baiskeli, mpaka magoti yakamharibika.

Kutoka kwa fundi nilikwenda moja kwa moja kwa baba. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikimlaani Mtani ambaye sasa ni marehemu. Nilimchukia kwa kumwibia baba, na zaidi kwa kunitumia mimi.

Baba alisikiliza akisugua goti.

"Ya Mtani niliyajua siku ile ile gari lilipopita," alisema. Kisha akaniangalia. "Sikujua kama na wewe ulikuwepo."

Safari hii hakucheka.