Mikdad, Sauti ya Baragumu

Wako watu Bagamoyo ambao mpaka leo ukiwaambia kwamba Mikdad Kombo hajui Kizungu watakukatalia katakata. Mtu aliyewatafsiria picha miaka kumi na tano, iweje asijue? Wala hawana kosa. Ukweli ni kwamba Mikdad aliishia darasa la saba, na Kizungu chake chote kingeenea ndani ya kibweta cha wanja na nafasi ikabaki.

Banda lake la video lilikuwa Magomeni, Magomeni ya Bagamoyo, si ile ya Dar. Kuta za mabati, paa la makuti, mabenchi saba, televisheni moja yenye mgongo mkubwa, na deki iliyokuwa haimezi mkanda mpaka ipigwe kofi. Jenereta lilinguruma uani. Watu wakishatoka kusali Alasiri walijaa humo hadi wengine wakakaa chini, na Mikdad akaketi kwenye kigoda kando ya televisheni, maikrofoni mkononi, akamtafsiria kila aliyefungua mdomo kwenye kioo.

Namna yake ya kufanya kazi hakumficha mtu, ila hakuna aliyeuliza. Asubuhi aliutazama mkanda peke yake, sauti ameizima, macho yakiwa kwenye nyuso tu. “Uso hauna Kizungu,” alikuwa akimwambia mkewe, Somoe. Akishazisoma nyuso, jioni alizipa maneno. Steringi wake, yule shujaa wa picha, alizaliwa Kiwangwa na kukulia kwenye mashamba ya mananasi. Adui alikuwa na nyumba ya ghorofa Makurunge, na alikula ubwabwa peke yake bila kumkaribisha jirani, ndiyo maana banda zima lilimchukia tangu mwanzo. Siku moja mchunga ng'ombe wa Kizungu, kofia pana na bastola mbili, alimzika rafiki yake jangwani, na Mikdad akamtia kinywani “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun” kwa huzuni iliyowafanya wazee wa benchi la nyuma waitikie na kupangusa macho. Hizo ndizo zilikuwa raha zetu. Leo mtu ana picha elfu moja kwenye simu yake na anazitazama amenuna.

Benchi la mbele, upande wa kigoda, lilikuwa na mwenyewe. Najim, mwana wa pekee wa Mikdad, alikaa hapo tangu miguu yake haijafika chini. Steringi akizingirwa na maadui ishirini, mtoto alimvuta baba yake shati, na Mikdad, bila kuondoa maikrofoni mdomoni, alikuwa akimtuliza mbele ya watu wote: “Usiogope, mwanangu, steringi hafi.” Banda lilicheka, na Najim alicheka zaidi ya wote. Nyumbani alichukua makaa ya jikoni akawachora wale watu ukutani, mbio zao na ngumi zao, mpaka Somoe akachoka kupaka chokaa.

Mambo yaliharibika Najim alipoingia kidato cha kwanza. Alikuwa na miaka kumi na minne na kichwa chepesi, Kizungu kikamwingia haraka. Jioni moja banda lilijaa pomoni. Kwenye kioo mzee mmoja mwenye ndevu alikuwa amesimama mbele ya kijana wake, amekunja uso, anasema kwa sauti nzito. Mikdad akatafsiri: “Nenda! Ukirudi bila kichwa cha adui, usiniite baba!” Watu wakapiga makofi. Najim akasimama.

“Baba, hakusema hivyo,” akasema. “Anamwomba mwanawe radhi.”

Hakusema kwa ufidhuli. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Lakini banda zima lilisikia, na Bwanausi, mchuuzi wa samaki wa ng'onda aliyekuwa hakosi siku, akapaza sauti: “Kumbe tunadanganywa!”

Mikdad alihisi masikio yanawaka. Angeweza kufanya mzaha, mzaha alikuwa nao tele. Badala yake alimnyooshea mwanawe maikrofoni. “Haya, bwana mkubwa. Tafsiri wewe.”

Mtoto wa watu akatafsiri. Alitafsiri sawasawa, neno kwa neno, kwa sauti ya kutetemeka, na hakuna kitu kilichokauka kama maneno yale. Hazikupita dakika tano watu wakaanza kumzomea. “Kaa chini, mwalimu!” “Turudishie Mikdad wetu!” Najim akamgeukia baba yake. Na Mikdad, Mungu amsamehe, alikuwa akicheka pamoja nao.

Najim aliiweka maikrofoni juu ya kigoda taratibu akatoka. Hakulikanyaga tena banda lile.

Baada ya hapo nyumba ile ilikaa kwa salamu. “Shikamoo, baba.” “Marahaba.” Basi. Yaliyobaki yalipita kwa Somoe: mwambie baba yako, mwambie mwanao. Alipomaliza kidato cha nne Najim akaenda Dar es Salaam kwa mjomba wake kutafuta maisha, akajifunza kuchora katuni za kompyuta. Kila Idi alikuja, akala pilau, akaondoka jua halijatua. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, na miaka kumi na minane ikapita tangu jioni ile ya banda.

Banda nalo lilikufa. Watu walianza kununua televisheni majumbani, zikaja sidii, zikaja simu. Mikdad aliyauza mabati akawa mwuza mananasi ya Kiwangwa karibu na stendi. Hata hayo aliyatafsiria. “Huyu hapa anasema ameiva tangu juzi, mnamngoja nani? Huyu mwenzake ana hasira, msimguse kabla ya Ijumaa!” Wapitao walisimama kusikiliza, na wengine walinunua. Lakini alikuwa akiota mabenchi saba, na katika ndoto hiyo benchi la mbele daima lilikuwa tupu. Alijua sababu yake. Kulijua kosa na kulisema ni vitu viwili, na Mikdad aliyekuwa na maneno ya kila mtu hakuwa na hata moja la kwake.

Mwaka huu, mwezi mmoja baada ya Idi, Somoe alitoka chumbani na simu mkononi.

“Baba Najim, mwanao anatengeneza picha. Ya katuni, ya watu wenye nguvu za ajabu. Anataka uje uitie sauti.”

“Sauti ya nani?”

“Ya baba. Anaitwa Baragumu. Akisema neno moja kuta zinaanguka, ndiyo maana majambazi wote wanamkimbia. Lakini nyumbani hasemi chochote, anaogopa paa litamwangukia mwanawe. Mtoto anakua akidhani baba yake anamchukia.”

Mikdad alilitazama nanasi alilokuwa akilimenya. “Huyo Baragumu mpumbavu.”

“Ndiyo maana wamekutafuta wewe,” Somoe akasema, akarudi chumbani kumwambia mwanawe kwenye simu kwamba baba amekubali.

Karatasi za maneno zililetwa na dereva wa basi. Mikdad alizisoma wiki mbili nzima, mananasi yakimwivia. Aliapa moyoni kwamba safari hii hataongeza hata nukta. Kwa akili yake alikuwa ameelewa kilichomtenga na mwanawe: alikuwa amesema uongo, na mtoto msomi hakuweza kumheshimu baba mwongo. Basi angesema kilichoandikwa, hivyo hivyo kilivyoandikwa, na hapo huenda Najim angeridhika naye.

Najim alifika Jumamosi asubuhi na begi la mitambo. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, mvi mbili kidevuni. “Shikamoo, baba.” “Marahaba.” Wakaziba dirisha la chumba cha Somoe kwa godoro, wakamfukuza jogoo uani, wakakaa kwenye ukingo wa kitanda, magoti yao yanakaribia kugusana. Najim akavaa visikizio, akaifungua kompyuta.

Mikdad akaanza. Ah! Waliolijua banda la Magomeni wangelia. Alisoma kama anayetangaza vifo redioni. Najim alimsimamisha mara ya kwanza, ya pili, ya tano.

“Baba, unasoma.”

“Sivyo ilivyoandikwa?”

“Ndivyo.”

“Basi leo hakuna wa kuniambia kwamba sivyo alivyosema.”

Lilimtoka kabla hajalizuia. Uani Somoe aliacha kupepeta mchele. Najim akavuta karatasi ya mwisho akaiweka mbele ya baba yake. Ilikuwa nyeupe.

“Hii haina kitu,” Mikdad akasema.

“Sikuandika. Ni pale Baragumu anapokuja mlangoni kwa mwanawe. Nimejaribu mwaka mzima, baba. Sijui angesema nini. Wewe nilikuita kwa hapo tu.”

Mikdad aliiweka karatasi kitandani. Akaomba aoneshwe picha, bila sauti. Baragumu alikuja mlangoni, mkubwa, mabega mapana, akasimama. Mdomo ukafunguka. Mikdad akaomba tena, akautazama uso. Taya lilikuwa la Mikdad mwenyewe. Hata lile kovu la nyusi, la siku aliyoangukiwa na bati la banda, lilikuwepo. Macho ndiyo hakuyatambua mara moja, kwa kuwa hakuna mtu anayeyaona macho yake mwenyewe anapomtazama mwanawe.

“Washa,” akasema.

Najim akawasha.

“Mwanangu,” Mikdad akasema. Sauti ilikuwa ile ile, nzito, yenye mkwaruzo, na Najim akashika visikizio kwa mikono miwili. “Mimi nina sauti, na watu wananisifu kwayo. Siku ile walipokuzomea, neno langu moja lingewanyamazisha wote. Nilikuwa nalo. Sikulisema. Nilicheka, kwa sababu nilikuona umeshanipita, na mimi bado nilikuwa nataka univute shati. Niliona haya, nikakuachia wewe uibebe haya hiyo. Ulikuwa na miaka kumi na minne.”

Akaendelea.

“Ulipokwenda Dar, mama yako alidhani niko msikitini. Nilikuwa stendi, nyuma ya duka la magodoro. Ulikaa dirishani, begi mapajani. Nilikuwa nimekuandalia maneno mazuri njia nzima, mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasema. Nikabaki nimesimama. Basi lilipokwisha kata kona ndipo nilipopunga mkono. Mwenye duka akaniuliza namuaga nani. Nikamwambia simuagi mtu.”

Kioo kilikuwa cheusi. Mikdad aligundua hapo tu, akashtuka kama mtu aliyelala zamuni. Miaka yote ile hajawahi kupitiliza, maana picha haimngoji mtafsiri, mdomo ukifungwa nawe unafunga wako.

“Imekwisha,” akasema. “Imekwisha zamani, nami naropoka tu. Turudie. Nitafupisha.”

Najim alikuwa amevua visikizio. Machozi yalimshuka mpaka kwenye zile mvi mbili, naye hakuyafuta. Alinyoosha mkono akaishika maikrofoni, akaisogeza karibu zaidi na mdomo wa baba yake.

“Usifupishe hata neno,” akasema. “Endelea, baba. Picha zitakapoishia, nitachora nyingine.”