Maji Yaliyomnenepesha Rodah

Mvua ya Roret ina adabu za mgeni aliyezoea nyumba: huja alasiri, hukaa kidogo, kisha hujiondokea na kuacha ukungu umelala juu ya michai. Ndani ya ukungu huo Rodah, mke wa Kimeli, aliishi nusu usingizini mwaka mzima wa tisini na sita. Hakuweza kulala chali. Akijilaza tu, pumzi ilimkatika. Basi alisinzia akiwa ameketi kitini mlangoni, mito mgongoni, harufu ya majani mabichi ikimjia na kupotea. Aliota yuko mtoni, maji ya vuguvugu yanampanda kifuani, na ajabu ni kwamba hakuogopa.

Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu. Hospitalini walimpa vidonge, na kimoja kilikuwa cha kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Hicho ndicho kilichokuwa adui yake. Ukikimeza unakwenda choo, unarudi, hujaketi vizuri unakwenda tena. Sasa mtu mzima, tena wa kwaya ya kina mama, ainuke mara ngapi mbele ya mchungaji? Kwa hiyo Jumapili hakumeza. Siku ya kupeleka chai kituoni kupimwa hakumeza. Siku ya soko hakumeza, na wageni wakibisha hodi hakumeza pia. Ukiondoa siku hizo, niambie wiki inabaki na nini.

Maji nayo hayakuwa na haraka. Yalijaa miguuni, yakapanda mapajani, yakafika usoni. Na majirani, Mungu awasamehe, wakampongeza. Amenenepa, walisema, Kimeli anamtunza. Wifi yake Syprose alikuja mahsusi kumtazama mashavu. Rodah mwenyewe aliamini, maana huku anayepona hunenepa na anayekufa hukonda, basi. Hakuna aliyeuliza kwa nini mnene huyu hawezi kufika zizini bila kupumzika njiani.

Alilazwa, akatolewa maji, akarudi nyumbani, akalazwa tena. Daktari alimkaripia. Rodah aliitikia ndiyo kwa heshima zote, kisha akaenda kufanya yale yale, kwa sababu karipio halijawahi kumtoa mtu aibu.

Safari iliyofuata alimkuta sista mpya wa wodi, Bochaberi, mtu wa upande wa Chepilat, aliyekuwa ametoka kwenye mafunzo ya ushauri. Huyu hakuanza na vidonge. Alivuta kiti, akamuuliza Rodah anatamani nini. Rodah alidhani ni mtego, akatazama dirishani mvua ikishuka. Sista akangoja, bila kuangalia saa. Mwishowe maneno yakamtoka. Bintiye Dorcus alikuwa na koito Desemba, siku ambayo watu wa kijana anayeoa huja nyumbani, familia mbili zikakubaliana, na wazazi wakawapaka vijana siagi kichwani kuwabariki.

"Nataka mkono ya kumpaka Dorcus iwe yangu," alisema. "Nikiwa kwa kitanda, ni Syprose atapaka."

Bochaberi akauliza ni nini kinachofanya dawa iwe ngumu. Aibu ya choo ikasimuliwa yote, na sista hakucheka. Halafu akamuuliza yeye mwenyewe anafikiri unene ule umetoka wapi. Ni swali ambalo hakuna aliyewahi kumpa. Rodah alifikiri, macho bado dirishani.

"Chai ikichumwa kwa mvua, karani anakata kilo," alisema polepole. "Anasema hiyo si majani, ni maji."

Kisha akashusha macho kwenye miguu yake, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe mimi ni chai ya mvua," akasema, na machozi yakamtoka.

Mpango aliupanga mwenyewe, sista akiuliza tu aanze na lipi. Kidonge atakimeza alfajiri, mbio ziishe kabla ya kanisa. Chumvi ataipunguza. Uzito atapimwa kituoni, siku za chai. Kimeli alifunga gunia kwenye ndoano ya mizani, Rodah akaketi ndani miguu ikining'inia, na foleni nzima ikacheka, yeye akiwa wa kwanza. Karani alisoma mshale kwa sauti. Wiki baada ya wiki Rodah alizidi kupungua, na majirani wale wale wakaanza kunong'ona kwamba mama Dorcus anakwisha. Akawaacha waseme. Sasa alikuwa akilala kitandani kama watu, na ndotoni maji ya mto yalimfika vifundoni tu.

Desemba ikafika. Asubuhi ya koito shughuli zilikuwa nyingi hata akasahau kidonge mpaka aliposikia sauti za wageni langoni. Alikishika kiganjani. Akikiacha leo tu, nani atajua? Akavaa viatu vya kanisani, akaona vimeanza kubana. Akakimeza.

Sebule ilijaa. Wazee walizungumza, wakazungumza tena, kama ilivyo desturi yao. Siagi ikaletwa, vijana wakapiga magoti, na hapo hapo kidonge kikaita. Rodah alijikaza hadi jasho likamtoka. Syprose alikwisha kuliona hilo, na alikuwa ameshakunja mkono wa blauzi.

Rodah akainuka. Mbele yake walikuwa wakwe, watu ambao hata kula mbele yao aliona haya.

"Nimemeza dawa ya moyo, naenda choo," aliwaambia. "Mtaningoja."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Kisha mama wa kijana, mwanamke mrefu aliyeketi wima tangu alipoingia, akaokota leso yake.

"Twende wote," alisema. "Mimi nimejikaza tangu tupite Kabianga njiani."

Wakatoka wameshikana mikono, na wakati wa kurudi wakapita kando ya michai polepole, pengine polepole kuliko ilivyohitajika. Ndani hakuna aliyegusa siagi. Waliporudi Dorcus alikuwa bado amepiga magoti, na magoti yalimuuma. Alipohisi vidole vya mama yake vikiteleza utosini alianza kulia, kwa sababu miezi yote ile alikuwa amejizoesha, bila kumwambia mtu, kuwaza jinsi vitakavyokuwa vidole vya shangazi Syprose.