Kidude cha Kitufe Kimoja

Kwa miaka kumi na miwili Nyuzi alipiga gitaa hotelini, dada yake kando akitikisa manyanga. Kisha akasikia kuna kidude cha kukanyaga kinachonasa mdundo na kuurudia chenyewe, akaona dada hana kazi tena. Dukani alichagua cha bei poa.

"Kaka, hicho hakirekebishi kitu," muuzaji akamwonya. "Ukikosea, kitarudia kosa lako hivyohivyo."

"Mimi na kosa wapi na wapi," Nyuzi akajibu, akafungua pochi.

Jumamosi, mbele ya wateja, alikanyaga kitufe, akagonga mdundo kwenye tumbo la gitaa, akaachia. Kidude kikaurudia. Mdundo ulikuwa unakimbia kidogo pale mwishoni. Akaufuta, akagonga upya, ukakimbia palepale. Mara ya tatu watu wakarudi kwenye soga zao.

Nyuzi alisimama akikisikiliza kile kidude kikimsema. Miaka yote hiyo alimgombeza dada yake kwamba manyanga yanachelewa pale mwishoni, na dada alinyamaza tu. Kumbe alikuwa anamsitiri.