Wino Mwekundu wa Dresa

Dresa wa zahanati yetu, yaani msaidizi wa tabibu, upande wa Nyamira, alikuwa Mgusii kama sisi, lakini akishavaa koti jeupe alisahau Ekegusii. Mama yangu, aliyejua Kiswahili cha sokoni tu, ilibidi ahojiwe kwa Kiswahili. Watu walimwita daktari naye hakuwasahihisha. Mezani aliweka sanamu ya kiboko, ya mawe laini ya Tabaka, ya kukandamiza kadi zetu, na kalamu mbili: ya buluu kwa magonjwa, nyekundu kwa majivuno yake.

Mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa msichana wa miaka minane hivi, alinidunga penisilini kwa ajili ya kidonda cha mguu. Sindano ilipochomolewa tu nilitimua mbio, nikaruka ua wa nyuma, nikatua katikati ya upupu. Mama aliponikamata, miguu yangu ilikuwa imejaa vipele hadi magotini. Akanirudisha ndani.

"Mama, mtoto ametoka vipele?" dresa akauliza.

"Ndiyo."

"Baada ya sindano?"

"Ndiyo."

Basi, maswali yakaisha. Hakuinama hata kuona kwamba vipele viliishia pale gauni lilipoanzia, na miwani alikuwa nayo. Alichukua kalamu nyekundu akaandika kwenye kadi yangu kwa herufi kubwa: PENISILINI MWIKO. Akamwambia Mama kwamba damu yangu inakataa dawa hiyo, nikidungwa tena nitakufa. Mama akamshukuru, na kesho yake akampelekea mkungu wa ndizi. Debe tupu haliachi kuvuma, na letu tulilivumisha wenyewe.

Nami niliipenda ile kadi. Wenzangu walipopanga foleni ya sindano wakilia, nilikaa nje nikiwatazama.

Miaka mitatu baadaye koo lilianza kuniuma, likipoa na kurudi. Kila mara dresa alifungua kadi, akasoma mwandiko wake mwenyewe kwa heshima kubwa, akanipa dawa ya maji, tamu, isiyotibu kitu. Kisha magoti yakavimba. Nikawa nabeba mtungi mdogo wa maji na kupumzika mara nne kabla ya kufika nyumbani. Mama akaogopa, akanipeleka Kisii kwa dada yake aliyekaa Nyanchwa, na asubuhi wakanifikisha hospitalini.

Daktari wa huko alikuwa kijana, si mtu wa kwetu. Aliisoma kadi, akaiweka kando, akaketi kitandani akaniuliza mimi, si Mama.

"Ulipodungwa, ulifanya nini?"

"Nilikimbia."

"Ukapitia wapi?"

"Huko nyuma. Kwa upupu."

"Vipele vilitoka wapi?"

"Kwa miguu tu."

"Mdomo ulivimba? Ulishindwa kupumua?"

"Hapana."

Alinikwaruza mkononi kwa sindano yenye tone la penisilini iliyozimuliwa, dawa ya kuniokoa ikiwa tayari pembeni, akangoja. Ngozi haikubadilika. Akanidunga kidogo, akangoja tena, kisha dozi nzima. Hadi jioni hakuna kilichonipata ila maumivu ya tako. Ndipo aliposikiliza tena kifua changu kwa muda mrefu, akamweleza Mama kwamba ugonjwa wa koo usiotibiwa ulikuwa umefika moyoni. Kilango kimoja cha moyo hakikufunga vizuri tena. Ningedungwa penisilini kila mwezi kwa miaka mingi, ili moyo usizidi kuharibika.

Nilirudi zahanati na barua yake. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwaibisha dresa mbele ya wagonjwa.

"Ulikuwa upupu," nilimwambia, tena kwa Ekegusii, makusudi.

Aliisoma barua, akaitazama kadi, akavua miwani. Kwa mara ya kwanza alinijibu kwa lugha yetu.

"Siku ile ulijua, mwanangu?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Alikuwa mjinga, mvivu na mwenye kiburi, na hadi leo namdharau. Lakini lile swali lake lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kuuliza, na jibu nililijua. Niliogopa sindano. Sikulisema hata siku hiyo. Nililala kifudifudi kwenye kitanda chake, nikapandisha gauni, akanidunga.