Maji ya Mchicha Mwekundu

Siku hizi wanasema wataalamu wanachunguza mboga za majani, huenda ndani yake mkapatikana dawa ya saratani ya damu. Mjukuu wangu aliyeisikia habari hiyo redioni alitegemea nifurahi. Nilimwambia dawa hiyo nimeshaipika kwa chungu changu mwenyewe, nilipokuwa naishi Kamuli, miaka ya hamsini, na sikuwa na hamu ya kuizungumzia.

Marehemu mume wangu alikuwa mnunuzi wa kahawa kutoka Muleba, mtu wa majivuno kidogo. Kwake yeye mboga za majani zilikuwa chakula cha wanawake na cha mwaka wa njaa. Nikimpakulia ndizi na mnavu, mnavu aliusukuma pembeni mwa sahani kana kwamba nimempa kokoto. Kisha akaanza kuchoka bila kazi, akatoka madoa meusi mapajani, fizi zikawa zinavuja damu. Katika hospitali ya misheni daktari aliitazama damu yake kwa darubini, akasema chembe nyeupe zimezidi mno, na dawa yake hana.

Mama mkwe, ambaye tulikuwa tukiishi naye, alishika neno moja tu: nyeupe. Akapiga marufuku maziwa, karibu apige marufuku na chumvi. Akaamua kwamba kilichopungua mwilini mwa mwanawe ni wekundu. Nyuma ya jiko, penye majivu na maganda ya ndizi, ulikuwa unaota mchicha mwekundu ambao ukiuchemsha, maji yake huwa kama damu. Hayo ndiyo anywe, asubuhi na jioni. Nami niliamini, maana sikuwa na kingine cha kuamini.

Siku za kwanza tuligombana, mtu mzima anafunga mdomo kama mtoto. Baada ya wiki akabadilika ghafla. Hata sijamwamkia vizuri, anaomba kikombe chake. Alikunywa polepole, akisukutua kila funda kabla ya kumeza. Nilifurahi hadi nikawatambia majirani. Awali nilikuwa nikizikagua fizi zake kila siku, lakini sasa kinywa chote kilikuwa chekundu kwa mchicha, nikaacha. Nikaanza kulala usingizi wa kweli, kitu nilichokuwa nimekisahau.

Ndipo mvua ya mawe ikaipiga bustani, isibaki hata shina moja la mchicha. Asubuhi nikachuma mnavu uliokuwa umejificha chini ya migomba, nikauchemsha, maji yakatoka ya kijani. Alikunywa bila kuyatazama, akanirudishia kikombe na kunishukuru. Meno yake yalikuwa mekundu. Ukingoni mwa kikombe palikuwa na damu.

Niliketi kitandani. Nilimuuliza imerudi tangu lini, akasema haijawahi kukoma.

“Niliona umeanza kulala,” akasema, “nikaona nikuache upumzike.”

Sijapata kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia yeye asubuhi ile. Nililia kwa hasira, mkono wangu ukiwa mkononi mwake. Tukamsikia mama yake akirudi kutoka shambani, akiuliza tangu uani kama mwanawe amekunywa dawa. Nikaufuta ule ukingo wa kikombe kwa khanga. Nikamjibu kwamba amekunywa yote, kisha nikaenda kwa jirani kuomba mchicha mwekundu.