Nyumba Iliyokatwa Kwenye Orodha

Kituoni walimwita Bi Mitambo, jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho tu. Miaka ishirini na sita aliulea mtambo wa kurushia matangazo wa televisheni ile ya dini, dubwana la chuma lililojaza chumba kizima nyuma ya studio, na alilijua kuliko wengine wanavyowajua waume zao. Watazamaji hawakuwahi kuuona uso wake. Majirani walimtania mama yake: "Huyo binti yako wa televisheni, mbona haonekani kwenye televisheni?" Bi mkubwa hujibu, "Ngojeni tu."

Kisha serikali ikaamua: analojia basi, vituo vyote vihamie dijitali. Asiye na king'amuzi ataona chenga. Waumini wengi walikuwa wazee, na king'amuzi kwao ni mdudu mgeni, kwa hiyo Bi Mitambo akaandika orodha ya nyumba za kwenda kufungia ving'amuzi. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya mama yake. Akaikata palepale kwa kalamu nyekundu. "Kwa mama nitakwenda mwenyewe," alisema. Jamani! Mtu akisema hivyo, mshikeni mkono mwende naye. Miezi minne alipanda mapaa ya watu, akageuza antena za watu, akanywa chai za wazazi wa watu, na king'amuzi cha mama yake kikakaa ndani ya boksi chini ya meza yake ya kazi. Kinyozi hajinyoi.

Alikumbuka siku yenyewe ya kuzima, saa sita mchana kasoro dakika kumi na mbili, alipoinama kuchukua bisibisi na goti likagonga boksi.

Lo, king'amuzi cha mama! Si kwamba mama angekosa sala ya siku moja. Miaka tisa nyuma, umeme wa mtambo ulimrusha Bi Mitambo hadi ukutani. Mama yake, nyumbani, aliona picha imekatika, akasonya tu. Jioni ndipo akaletewa habari kwamba mwanawe yuko hospitali, hajitambui. Tangu hapo, picha ikipotea, bi mkubwa anajua mwanawe amekufa. Mwaka jana mtambo uligoma robo saa, akakutwa sakafuni, na daktari akasema wazi kwamba moyo ule hautastahimili mshtuko mwingine. Na yale matangazo ya kuzima? Aliyasikia yote, akacheka. "Watazimiwa wengine. Mwenye swichi ni mwanangu. Anizimie mimi?"

Bi Mitambo akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Mjinga mimi, alijilaumu. Mama huifungia simu kabatini sala ikianza, ili isimkatize Mungu. Akampigia jirani. Hapatikani. Zimebaki dakika tisa kuzima, na hata kwa pikipiki kufika kwa mama ni nusu saa.

Pembeni ya mtambo alisimama afisa wa mamlaka ya mawasiliano aliyekuja kusimamia kuzima, saa mkono huu, fomu mkono ule.

"Kaka yangu, nipe nusu saa tu."

"Mama, saa sita kamili ni saa sita kamili. Ikizidi dakika moja, kituo kinafungiwa chote, hata hiyo dijitali."

"Kuna mtu atakufa."

"Kila kituo nilichokwenda nimeambiwa kuna mtu atakufa." Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka.

Mchungaji, ambaye ndiye mkurugenzi, alikuwa hewani anaongoza sala. Taa nyekundu juu ya mlango wa studio ilikuwa inawaka, na kwa miaka yote hiyo ni Bi Mitambo aliyewafokea watu wasiuguse mlango ule taa ikiwaka. Dakika tano. Akausukuma.

Mpiga kamera alitoa macho. Mchungaji akamwona yule mwanamke mwenye ovaroli la grisi, jasho linamchuruzika, bisibisi mkononi, akadhani jengo linaungua.

"Kuna nini, dada?" aliuliza, watazamaji wote wakisikia.

"Mama yangu," alisema, akiionyesha kamera.

Mchungaji akasogea kando, akamwachia kipaza sauti.

"Mama. Ni mimi. Mzima kabisa, unaniona? Mikono yangu hii hapa. Picha itapotea sasa hivi, naizima mwenyewe, hakuna ajali. Nilikwenda kwa watu wote, mama, kwako nikasahau. Usiinuke kwenye kiti. Nakuja."

Akatoka mbio. Saa sita kamili aliishusha swichi kwa mkono wake mwenyewe, na dubwana likanguruma likanyamaza. Akasaini fomu bila kuisoma, akabeba boksi, akarukia pikipiki. Njia nzima roho ilikuwa mkononi. Je, kama dakika ile mama alikuwa msalani? Je, kama alikuwa amefumba macho anasali, kama waumini wote wafanyavyo?

Mlango ulikuwa wazi. Televisheni ilijaa chenga zinazovuma. Bi mkubwa alikuwa kwenye kiti, kichwa kimeinama, hatikisiki.

"Mama!" Boksi likamponyoka.

"Utanivunjia vitu." Bi mkubwa akainua uso, mashavu yamelowa. "Umekonda. Na nguo gani ile ya kuvaa mbele za watu?"

Bi Mitambo alianguka magotini, akalia bila haya. "Nilidhani umefumba macho unasali."

"Nani afumbe macho? Miaka ishirini na sita naiangalia hiyo televisheni asubuhi mpaka usiku. Unadhani nilikuwa nasikiliza mahubiri? Nilikuwa nangoja upite."

Bi Mitambo akainuka, akafunga king'amuzi, akageuza antena, akatafuta chaneli. Picha ikaja safi, Mchungaji na kila unywele wa ndevu zake. Bi mkubwa aliitazama kidogo tu.

"Kesho utatokea saa ngapi?"

"Saa sita, mama. Ila nitatokea hapo mlangoni."

Bi mkubwa akautazama mlango, akafikiri.

"Basi izime hiyo," alisema. "Inakula umeme bure."